Jalada la Mkukusu

Masijala yetu ya Moshi inanuka panya na gundi.
Mvua za Aprili zilipopenya paa
tuliambiwa tutoe yaliyooza, tuyachome,
na mimi, karani wa zamu, nikafungua
jalada lililofungwa kwa kamba ya mgomba:
Elinami dhidi ya Nderingo,
ndugu wa tumbo moja, wa Mbokomu.
Mwaka hausomeki, panya kaula.
Kinachogombewa: mti mmoja, mkukusu, mpakani.
Thamani: shilingi themanini.

Themanini.
Nimeusoma mstari huo mara tatu.

Elinami alitaka mbao za nyumba ya bati.
Nderingo alitaka mbao za nyumba ya bati.
Baba yao alikufa hajatamka
masale ya mpaka yalipita upande gani wa shina,
na shina lilikwisha kuyameza masale.
Wakafika na misumeno asubuhi moja,
kila mmoja na wapasua mbao wake,
wakakutana kwenye mizizi iliyosimama kama kuta.
Siku ile hapakukatwa kitu
ila sikio la Nderingo, kidogo, kwa juu.

Ukurasa wa saba. Shahidi ni Ndaskoi, mjane.
Hakimu: Mti huu una umri gani?
Shahidi: Nilipoolewa hapa ulikuwa mzee.
Hakimu: Nauliza miaka.
Shahidi: Mama mkwe alipoolewa ulikuwa mzee.
Waliochimba mfongo wa kwanza
waliupinda mfongo ili kuuzunguka.
Nenda, bwana, ukaione kona.
Pembeni, kwa wino wa buluu, hakimu ameandika:
Shahidi hajui.

Ikatoka amri: asikate mtu hadi hukumu.
Hukumu haikuja.
Hakimu kahamishiwa Same. Wa pili kaugua.
Wa tatu akaomba ramani, ramani ikaliwa na mchwa.
Elinami akazikwa chini ya nyasi, si bati,
na Nderingo, mwenye sikio moja na nusu,
akamfuata kabla ya mavuno.
Kahawa ikapanda bei, ikashuka, ikang'olewa.
Misumeno ya mafuta ikaja ikinguruma,
ikala mikulo ya juu, ikala miringaringa,
ikafika kwenye mkukusu,
ikaoneshwa karatasi yenye muhuri,
ikanyamaza.
Vita vya panzi, wanasema, furaha ya kunguru.
Sikujua kunguru huweza kuwa na mizizi.

Jumamosi nikapanda, viatu mkononi, matope hadi muundi.
Niliusikia kabla sijauona:
maganda ya mbegu, magumu kama pembe,
tak, kimya, tak tak,
juu ya bati la mtu.
Kisha nikainua shingo hadi mtandio ukaanguka,
na bado macho hayakufika tawi la kwanza.
Mbega wawili walikaa huko, weupe wa mikia yao
kama nguo alizosahau mtu kuanua.
Mfongo umekauka.
Kona ipo.
Niliifuata kwa nyayo zangu, hatua thelathini na moja,
mahali ambapo watu wenye majembe ya mti
na haraka ya maji
waliamua kuchimba zaidi.

Kijana akatoka kwenye migomba, mjukuu wa Elinami.
Alijua natoka mahakamani, sijui kwa nini,
labda kwa jinsi nilivyoshika kalamu.
Akasogea: "Dada, ile kesi imekwisha?
Kuna mtu wa Himo kataja milioni nne."
Nilipokuwa nateremka, ng'ambo ya pili,
mjukuu wa Nderingo akaniita,
akaninong'oneza maneno yale yale,
ila kwake mtu wa Himo alitaja tano.

Jumatatu tulichoma nyuma ya ofisi.
Majalada yalikojoa moshi mwingi kuliko moto,
talaka, mbuzi, madeni ya waliokwisha kusamehewa na ardhi.
Hili nililifunga kwa kamba mpya,
nikaliweka rafu ya juu, isiyovuja,
na kwenye daftari, safu ya hali ya shauri,
nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote:

Bado linasikilizwa.